Mlituuzia Matumaini, Nasi Tunayadai: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Studio za Filamu

Kwa:
Wakurugenzi Wakuu na Wakuu wa Masoko,
Studio kubwa za filamu, popote zilipo.

YAH: FILAMU ZISIZOTIMIZA AHADI ZILIZOZITANGULIA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtazamaji. Si mhakiki wa kulipwa, sina hisa katika kampuni yoyote ya filamu, wala sijawahi kushika kamera. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiingia ukumbini taa zikiwa bado zinawaka, kwa sababu sitaki kukosa hata sekunde ya mwanzo. Naipenda sinema, na nisingehangaika kuandika kama ningekuwa nimeacha kuipenda.

Barua hii si ya kwanza. Nimeshaandika tatu, zote kwa studio moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa tatizo ninalolileta si lake peke yake. Katika ya kwanza nilieleza kwamba filamu niliyoingoja miaka minne haikuwa na hata kimoja kati ya vipande vitatu vya kwenye kionjo (trela) vilivyonifanya nikate tiketi mapema. Nilijibiwa na mashine: asante, maoni yako ni muhimu kwetu. Katika ya pili nilivitaja vipande hivyo kimoja kimoja, na sekunde ambayo kila kimoja kilionekana. Jibu likawa lile lile, herufi kwa herufi. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Mlango nimeugonga mara tatu ndani kimya. Sasa nimetoka kuzungumza barazani, mbele ya watu.

Naanza na hoja mtakayoitanguliza, maana nimeisikia kwenye mahojiano mengi: kwamba watazamaji tulitarajia makubwa mno, na hakuna filamu ambayo ingekata kiu ya watu waliokaa miaka wakiota. Wakuu, hamu hiyo haikujiotea kama magugu. Mliipanda wenyewe, mkaimwagilia, mkaipangia na siku ya kuvunwa. Mnatangaza tarehe ya filamu miaka mitatu kabla. Inakuja picha moja ya mwigizaji akiwa ndani ya vazi lake. Inakuja video ya sekunde kumi na tano ya kutuambia kwamba kionjo chenyewe kitatoka Jumanne. Kisha kionjo cha kwanza, cha pili, cha mwisho, mahojiano, mabango, fulana, wanasesere. Mtu akipitishwa hatua zote hizo akafika ukumbini moyo unamdunda, hajakosea popote. Amefanya hasa kile mlichotumia fedha ili afanye.

Na thamani ya hamu hiyo mnaijua. Novemba 1998 huko Marekani watu walikata tiketi za filamu nyingine kabisa ili tu wakione kionjo cha The Phantom Menace, filamu ya Star Wars. Kilipoisha, wakanyanyuka na kuondoka, wakaiacha filamu waliyoilipia ikianza. Filamu waliyoitamani ilitoka Mei 1999, na wengi waliokesha kwenye foleni walitoka ndani wakiwa wanyonge. Tangu siku zile tumaini limekuwa bidhaa inayojitegemea. Linauzwa kabla ya filamu, na halina risiti.

Sidai kila filamu iwe nzuri. Filamu inaweza kushindwa kwa uaminifu: mwongozaji amejaribu jambo gumu, halikukaa. Ya namna hiyo naiheshimu, na huyo mwongozaji nitamfuata kwenye kazi yake ijayo. Ninayoilalamikia ni ile ambayo ninyi, mlioiona kabla yetu, mlijua kwamba tulichoahidiwa na kilichomo ni vitu viwili tofauti.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kionjo kinachoonyesha kisichokuwamo

Mwaka 2016 kionjo cha Rogue One kilimwonyesha Jyn Erso, stelingi wa filamu hiyo, amesimama juu ya mnara, chombo cha kivita cha adui kikipanda taratibu hadi kikamkabili uso kwa uso. Kipande hicho hakimo kwenye filamu. Sehemu ya mwisho ilikuwa imeandikwa na kupigwa upya, na vipande vingine kadhaa vya kwenye vionjo navyo havikuonekana. Filamu ilipendwa na wengi, nami nikiwamo, na ndiyo maana naitaja kwanza: uzuri wake haubadilishi ukweli kwamba tulivutwa kwa picha za filamu ambayo haipo.

Yesterday ya mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi. Kionjo chake kilikuwa na mwigizaji Ana de Armas. Ndani ya filamu huoni hata kivuli chake, kwa kuwa sehemu yake iliondolewa wakati wa uhariri. Watazamaji wawili wa Marekani, waliosema waliikodi filamu hiyo kwa ajili yake, walifungua kesi mwaka 2022. Studio ilijitetea kwamba kionjo ni kazi ya sanaa, na kwamba uhuru wa msanii kujieleza unakilinda. Desemba mwaka huo Jaji Stephen Wilson akaikataa hoja hiyo: kionjo kimetengenezwa ili kuuza filamu, basi ni tangazo la biashara, na sheria za matangazo ya uongo zinakihusu. Kesi ile baadaye iliishia njiani, bila kuamuliwa kama watazamaji wale walidanganywa. Lakini msimamo ule wa jaji ulitosha kuwafanya wauzaji wajitazame.

Mtasema kionjo hukatwa miezi mingi kabla uhariri haujaisha, na hakuna anayejua kipi kitabaki. Kwa kionjo cha kwanza nakubali, tena bila kinyongo. Je, kile cha wiki ya mwisho? Matangazo yanarushwa siku ile ile filamu inapotoka, nakala zimeshafika kwenye kumbi, na bado yanaonyesha kipande ambacho kila mtu ofisini mwenu anajua kimekatwa. Hapo hakuna tena suala la kutojua.

Halafu kuna kuficha. Vionjo vya Wonka (2023) na Mean Girls (2024) vilijitahidi sana tusigundue kwamba wahusika wanaimba, ilhali hizo ni filamu za nyimbo. Mwenye kupenda nyimbo hakuambiwa kwamba hii ni yake, na asiyezipenda akajikuta katikati yake. Niliwahi kukaa kando ya mtu aliyenyanyuka kwenye wimbo wa tatu. Aliponipita aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyimbo zenyewe hazina ubaya, ila angeambiwa. Nami sikuwa na la kumjibu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kwa nini chema nacho mnakivisha sura ya kitu kingine?

2. Filamu inayouzwa kabla haijaisha

Tarehe inatangulia, mswada unafuata. Limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeshtuka.

Cats ilitoka Desemba 2019. Ndani ya siku chache studio ikazipelekea kumbi nakala mpya yenye picha za kompyuta zilizorekebishwa. Kwenye nakala ya awali mkono wa mwigizaji Judi Dench ulionekana wazi kuwa ni mkono wa binadamu, pete ikiwa kidoleni, wakati mhusika wake ni paka. Fikirini ni nani aliyeiona nakala ile. Ni wale waliokata tiketi siku za mwanzo kabisa, yaani wenye hamu kuliko wote. Hao ndio waliouziwa kazi isiyokamilika, na aliyeona bora angoje akapata iliyo safi zaidi. Mnamwadhibu anayewapenda.

Clash of the Titans ya 2010 ilipigwa kwa kamera za kawaida. Avatar, iliyokuwa ya 3D (picha zinazoonekana kuwa na kina), ilipovuna fedha nyingi, Clash of the Titans nayo ikageuzwa ya 3D kwa wiki chache tu ili tiketi yake ipande bei. Watu walionekana kama karatasi zilizokatwa zikapangwa moja nyuma ya nyingine.

Na nyuma ya picha hizi kuna mikono ya watu. Septemba 2023 mafundi wa picha za kompyuta wa Marvel Studios walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi, wala hakuna hata mmoja aliyepinga. Walikuwa wamechoshwa na saa nyingi za kazi na mabadiliko ya dakika za mwisho. Mtazamaji anapoicheka picha mbovu anamcheka fundi aliyenyimwa muda, naye aliyemnyima muda yuko salama, haonekani popote kwenye skrini.

Muda ukitolewa mambo hubadilika, na ushahidi mnao. Aprili 2019 kionjo cha Sonic the Hedgehog kilitoka, watu wakamkataa mhusika: hakufanana na yule waliyemfahamu kwenye michezo ya kompyuta tangu 1991. Ndani ya siku chache mwongozaji Jeff Fowler akakiri hadharani kwamba ujumbe umefika na kwamba sura ile itabadilishwa. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Miezi mitatu tu. Watu wakajaa, ikafuata sehemu ya pili mwaka 2022 na ya tatu mwaka 2024. Sijakutana na mtu anayelalamika kwamba alingojeshwa.

3. Hadithi inayoachwa njiani

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mniwie radhi nikirefusha.

Mpwa wangu alisoma vitabu vitatu vya Divergent akiwa na miaka kumi na tatu. Alivisoma hadi kurasa zikaanza kuachana. Filamu zilipoanza kutoka nilikuwa nampeleka mimi. Studio ikaamua kitabu cha tatu kigawanywe filamu mbili, kama ilivyokuwa mtindo wa miaka ile. Allegiant, nusu ya kwanza ya kitabu hicho, ilitoka Machi 2016. Haikufanya vizuri sokoni. Nusu ya pili, iliyokuwa imepangiwa Juni 2017, haikutengenezwa. Kwanza zilisikika habari kwamba hadithi itamaliziwa kwenye televisheni, kisha hata hilo nalo likafa, hakuna aliyekuja kutuambia lolote.

Mtoto yule alikata tiketi tatu za hadithi moja, akanyimwa mwisho wake. Kwa muda mrefu alikuwa akiniuliza itatoka lini, nami namwambia subiri, kwa sababu sikuamini kwamba watu wazima wanaweza kuanza kusimulia mbele ya watoto wa dunia nzima, kisha wakanyamaza kwa kuwa hesabu za wikiendi moja hazikupendeza. Aliyesema paukwa akaitikiwa pakawa hana ruhusa ya kuondoka katikati. Mtaniambia kwamba mwisho wenyewe anaujua, umo kitabuni. Ni kweli anaujua. Hakuwa anatafuta habari, alitaka kuuona.

Kuna na ugonjwa wa kinyume chake, wa kutangaza kumi kabla ya kumaliza moja. Mei 2017 ilitangazwa familia nzima ya filamu iliyopewa jina la Dark Universe, ikiwa na nembo yake na picha ya nyota watano wakiwa pamoja. Juni ikatoka The Mummy, ambayo ndiyo ilikuwa iibebe familia hiyo. Ilikuwa na shughuli nyingi za kutufungulia milango ya filamu zijazo, yenyewe ikabaki bila nyumba. Haikupendwa, na zile nyingine hazikuja. Filamu ya dakika 110 iliyotengenezwa iwe kionjo cha nyingine haiwezi kusimama kwa miguu yake, na jambo hilo lingeonekana tangu kwenye mswada.

Hata pale mwisho unapokuja, tuambieni mapema kwamba tunanunua nusu. Mabango ya Wicked mwaka 2024 yaliandika Wicked, basi. Maneno ya kueleza kwamba hii ni sehemu ya kwanza yalijitokeza kwenye skrini, mtu ameshakaa kitini. Nusu ya pili ilikuja mwaka mmoja baadaye. Kazi yenyewe ilifanywa kwa moyo na wengi walifuatilia habari wakajua. Ambaye hakufuatilia alitazama zaidi ya saa mbili na nusu akidhani mwisho u karibu. Maneno mawili tu kwenye bango yangetosha.

4. Mkasi unaoshikwa kwa woga

Hili si jipya. Mwaka 1942, mwongozaji Orson Welles akiwa Brazil kikazi, studio ya RKO iliichukua The Magnificent Ambersons baada ya onyesho la majaribio kwenda vibaya, ikakata zaidi ya dakika 40, ikapiga mwisho mwingine wenye matumaini. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Mpaka leo filamu aliyoikusudia Welles haipo, na haitakuwapo. Miaka 40 baadaye, Blade Runner ikaongezewa sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha baada ya maonyesho kama hayo. Sehemu ya picha za mwisho huo zilikuwa mabaki ya filamu nyingine, The Shining. Mwaka 1992 ikatoka nakala isiyo na msimulizi wala mwisho ule, na ndipo watu wengi walipoelewa kwa nini wengine walikuwa wakiisifu.

Mnajitetea kwamba watazamaji wa majaribio ndio waliosema hawakuelewa, au hawakufurahi. Sawa, waliulizwa dakika tano baada ya taa kuwaka. Hakuna aliyewauliza baada ya mwezi. Filamu nyingine zinahitaji usiku kucha zikugeuke kichwani ndipo zikubali, na karatasi ya maswali haina nafasi ya kuandika hilo.

Siku hizi mkasi umepata bwana mpya, naye ni kionjo chenyewe. Mwaka 2016 gazeti la The Hollywood Reporter liliandika kwamba, kwa kuwa kionjo cha Suicide Squad kilishangiliwa, studio iliishirikisha kampuni iliyokitengeneza katika kuihariri upya filamu, sambamba na nakala ya mwongozaji David Ayer, kisha zikatafutiwa mseto. Nilipoisoma habari ile nilielewa nilichokiona: nyimbo zinafuatana bila kupumua, wahusika wanatambulishwa mara mbili mbili, na matukio mengi ya mhusika Joker tuliyoonyeshwa kabla hayapo. Kionjo kina kazi ya kuwasha hamu kwa dakika mbili. Ukikipa saa mbili kinakuwa kelele.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Justice League ya 2017 ilianzwa na mwongozaji Zack Snyder, ambaye aliondoka kufuatia msiba wa binti yake. Ikakabidhiwa Joss Whedon, ikapigwa upya kwa sehemu kubwa, ikabanwa iwe ya saa mbili. Mwaka 2021 nakala ya Snyder ikatoka, saa nne. Sisemi saa zote nne zilikuwa dhahabu. Nasema ilikuwa filamu ya mtu mmoja mwenye jambo la kusema, na waliolipia ile ya 2017 waliuziwa mabishano ya ofisini.

5. Kunyoosha na kubana

Kwa ufupi. The Hobbit ni kitabu kimoja, tena si kinene. Zilitangazwa filamu mbili; Julai 2012 ikatangazwa ya tatu, na zote pamoja zikafika karibu saa nane za kutazama. Kwa upande mwingine, msimu mzima wa vipindi 20 vya katuni ulisukumwa ndani ya dakika 103 za The Last Airbender mwaka 2010, hadi wahusika wakawa wanaelezana hadithi badala ya kuiishi. Filamu mbili zenye maradhi yanayopingana, na chanzo ni kimoja: urefu ulipangwa mezani pa hesabu, hadithi haikuulizwa.

6. Wahakiki kuzibwa midomo

Filamu mnayojivunia huonyeshwa kwa wahakiki wiki mbili kabla. Mnayoihofia, wahakiki hufungwa midomo hadi siku filamu inapofunguliwa. Sisi tumeshajifunza kuusoma ukimya huo. Mbaya zaidi, mwaka 2001 iligundulika kwamba Sony ilikuwa ikichapisha kwenye matangazo yake sifa za mhakiki aitwaye David Manning, na mtu huyo hakuwahi kuwapo duniani. Mwaka 2005 ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi ya watazamaji. Mtasema hayo ni ya zamani. Tabia ya kuogopa neno la mtu aliyeiona filamu kabla yetu haijazeeka.

7. Lawama kutua kwa wasiohusika

Nataka kulisema hili nikiwa nawatazama na wenzangu watazamaji, kwa kuwa nasi tuna sehemu yetu.

Hasira ya aliyevunjwa moyo hutafuta uso wa kuangukia. Uso wenu hatuujui. Tunaoujua ni wa mwigizaji. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks kwenye The Phantom Menace, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba chuki aliyomiminiwa baada ya filamu ile ilimfikisha karibu na kujiua. Mwaka huo huo mwigizaji Kelly Marie Tran alifuta picha zake zote kwenye Instagram baada ya miezi ya matusi, mengi yakiwa ya ubaguzi wa rangi, kwa sababu ya nafasi yake kwenye The Last Jedi, nayo ya Star Wars. Hawakuandika mswada. Hawakupanga tarehe wala kukata kionjo. Waliitwa kazini wakafanya kazi.

Waliowatukana walifanya ukatili, na hakuna filamu mbaya inayouhalalisha. Ila nanyi mna swali la kujibu. Mnapopandisha tumaini la mamilioni ya watu kwa miaka, halafu filamu ikaanguka, huwa hatuwasikii. Hakuna mkuu anayesimama kusema: uamuzi ulikuwa wangu, mwigizaji huyu mwacheni. Mnawaacha peke yao mbele ya umati mliouamsha wenyewe. Na mkiulizwa, mnasema mashabiki wa siku hizi wana sumu, mnatuchanganya sote kwenye kapu moja: aliyetukana na aliyeandika barua tatu za heshima zisizojibiwa.

Najua mtakalomalizia nalo: filamu ni biashara, inagharimu fedha nyingi, na wikiendi ya kwanza ndiyo inayoamua. Nakubali ni biashara, na ndiyo maana nazungumza kama mteja. Lakini tazameni hiyo wikiendi ya kwanza imewafanya nini. Imewafundisha kwamba tumaini likishikilia kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, inatosha. Ant-Man and the Wasp: Quantumania ilifunguka kwa kishindo Februari 2023, wikiendi ya pili mapato yake huko Marekani Kaskazini yalishuka kwa karibu asilimia 70. Hizo ni habari zilizopelekwa na watazamaji wenyewe, jirani kwa jirani. Mkopo wa imani mnaoukopa kila Ijumaa tunaulipa sisi, na mwenzangu mmoja mmoja ameshaacha kuwakopesha. Rafiki niliyekuwa nikienda naye sinema kila mwezi sasa anasema atangoja asikie. Anangoja, anasahau, haendi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba nikiamini yanawezekana.

Tangazo lolote linalotoka baada ya uhariri wa filamu kukamilika lisiwe na kipande kisichokuwamo. Likiwa nacho, liseme. Filamu ya nyimbo iitwe ya nyimbo, na sehemu ya kwanza iitwe sehemu ya kwanza kwenye bango, kwenye tiketi na kwenye kionjo. Msigawanye hadithi mpaka fedha za kuimaliza ziwe zimetengwa. Zikikosekana kabisa, mruhusuni mwandishi au mwongozaji awaambie watazamaji kwa maneno ingekwishaje, hata kwa kurasa kumi zilizochapishwa bure. Hilo la kurasa kumi naliomba kwa niaba ya mpwa wangu, ingawa sasa ni mtu mzima.

Tarehe isitangazwe kabla ya mswada kukamilika. Mafundi wapewe muda ulioandikwa kwenye mkataba, na mkiuvunja mlipe. Nakala ya mwongozaji ihifadhiwe hata kama hamtaitoa, yasijirudie ya 1942. Wahakiki waruhusiwe kusema walichokiona angalau siku tatu kabla ya filamu kufunguliwa. Na filamu ikivunja ahadi, awepo mtu mwenye jina na cheo wa kulikiri, ili lawama imfikie anayestahili.

La mwisho ni dogo kuliko yote. Barua za watazamaji zisomwe na binadamu. Nakala za zile barua zangu tatu ninazo, pamoja na majibu mawili ya mashine, na nitazituma kwa yeyote kati yenu atakayeziomba. Jibu la mistari miwili lililoandikwa na mtu litanitosha kuanzia.

Nawashukuru kwa muda wenu.

Wenu,
Mtazamaji anayeingia ukumbini taa zikiwa bado zinawaka